Uzi: Niliipanga bustani kwa jicho la dirishani, wageni wakaja kunionyesha makosa yote

JembeButu

Wakuu, habari za muda huu. Uzi huu nimeuahirisha muda mrefu, leo mvua imenifungia ndani, ngoja niumalize. Ni mrefu, asiyependa kusoma apite tu.

Nina bustani nyuma ya nyumba, kama mita 18 kwa 11. Naihudumia mwaka wa sita huu. Miaka mitano ya mwanzo hakuna aliyeiona zaidi ya watu wa nyumbani, na mimi mwenyewe nilikuwa naiangalia zaidi kupitia dirisha la jikoni. Mkasa wote umeanzia hapo. Kila mche niliupanda ili upendeze ukiutazama kutoka dirishani: vifupi karibu na nyumba, mawaridi katikati, na maua ya kana marefu nyuma kabisa, usawa wa uzio. Kijia nikakipitisha nyuma ya hizo kana, kando ya uzio, kwa sababu sikutaka kijia kiniharibie picha.

Halafu siku moja nikaropoka kwa jirani: "Jumamosi njooni muione." Nilidhani atakuja yeye na mkewe. Walikuja watu kumi na wanne, watatu kati yao watoto.

Kijia kilikuwa na upana wa sentimita 60. Mimi peke yangu napita vizuri, hata toroli lilikuwa linapita kwa kuparuza. Lakini watu wakitembea wawili wawili wanapiga soga, hakuna anayekubali kufuata nyuma kama yuko kwenye foleni. Mmoja anabaki kwenye kijia, mwenzake anashuka tutani. Nusu saa haikuisha, tuta lote la pembeni lilikuwa limekanyagwa. Na huko walikopita walichokiona ni migongo ya kana. Mawaridi niliyoyahangaikia kwa mkasi na majivu miaka miwili, wameyapita kama hayapo, maana kweli kwa pale walipo hayapo!

Unajua walisimama wapi? Kwenye lundo la mboji. Nililificha kwenye kona nyuma ya matete, naona aibu. Mtoto mmoja akauliza, "Mbona panafuka moshi?" Nilikuwa nimeligeuza asubuhi, na jioni ile kulikuwa na kaubaridi baada ya mvua. Nikachomoa nondo ninayoiacha katikati ya lundo, nikampa baba yake aishike. Akaiachia palepale. Kuanzia hapo bustani nzima ikahamia kwenye kona. Wanauliza inapataje moto bila moto, kila mtu anataka kushika nondo. Dakika arobaini wakuu! Mawaridi hayakupata hata nne.

Walipoondoka sikufukia nyayo. Nilichukua vigingi na kamba, nikaweka alama kila mahali walipokanyaga, kila mahali waliposimama, na pale ambapo mama mmoja alitafuta pa kuegemea akakosa, akashika tawi la msanapichi. Kamba zile ndizo zikawa ramani yangu mpya. Naendelea chini, ngoja kwanza niokoe nguo.

---

Msumari wa Moto

Nipo siti ya mbele. Hapo kwenye migongo ya kana nimecheka sana.

---

Rehani

Endelea mkuu. Ila kabla hujaendelea nisaidie: bogenvilia yangu ina mwaka wa tatu, majani tele, ua hakuna. Naimwagilia kila siku asubuhi na jioni na samadi naweka bila uchoyo.

---

JembeButu

Nimerudi.

Dada Rehani, umejijibu mwenyewe kwenye sentensi ya mwisho. Bogenvilia ukiibembeleza inakuwa mvivu. Maji mengi na samadi nyingi ni kuiambia ikuze majani. Iache mpaka udongo ukauke sentimita kadhaa kwenda chini ndipo umwage maji, na umwage ya kutosha, si ya kulowesha juu juu. Samadi pumzisha kabisa msimu huu. Halafu angalia jua: chini ya saa sita za jua kali kwa siku, usiidai maua. Ikimaliza kuchanua ipogoe, kwa sababu maua hutoka kwenye matawi machanga.

Kwa ziada tu, zile rangi tunazoziita maua ni majani yaliyobadilika. Ua lenyewe ni kile kijineli cheupe katikati, kidogo kama kichwa cha kiberiti. Wageni ukiwaonyesha hilo wanainama wote.

Sasa kazi yenyewe. Siku ya kwanza sikushika jembe. Nilikunjua mpira wa maji, nikaulaza chini kufuata vigingi, nikaanza kuusogeza kwa mguu mpaka kona zikatulia. Mpira ukiachwa juani kidogo unalainika, unakubali kupinda bila kuvunjika shingo. Kisha nikapanda kuangalia dirishani, nikashuka, nikatembea juu yake, nikamwita mke wangu tutembee wote wawili. Tukipigana viwiko, naupanua. Tulifika sentimita 130 ndipo tukaacha kugombana.

Kijia kipya kinaingia kutoka mlangoni, kinapita MBELE ya mawaridi, kinazunguka msanapichi na kuishia kwenye mboji, kisha kinarudi kwa upande wa pili. Hakuna kona ya kugeuza watu wakutane uso kwa uso.

Kana sikuzitupa. Nilizichimbua, nikagawa mizizi yake, kila kipande kikiwa na jicho moja au mawili, nikazipanda kwenye ile sehemu inayotuamisha maji ambayo ilinishinda miaka yote. Kana zinapenda miguu yake iwe na maji. Kumbe miaka yote mimea sahihi ilikuwa sehemu isiyo sahihi.

---

Mzee Kivuli

Kijana umefanya jambo. Nina machache kwa sababu mimi natembea na mkongojo na marehemu mwenzangu alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, kwa hiyo bustani za watu nazijua kwa upande ambao wengi hawaujui.

Upana: kiti cha magurudumu kinahitaji sentimita 90 hivi ili kipite bila kuchubua mikono ya anayekisukuma, na penye kugeuzia uweke mita moja na nusu. Mwinuko: kwa kila sentimita moja ya kupanda, toa sentimita 12 za kwenda mbele. Ukibana hapo, anayesukuma atakuchukia kimyakimya.

Kokoto: usiweke zile za mviringo za mtoni. Ni nzuri kwa macho lakini zinabingirika chini ya mguu kama gololi, na gurudumu linazama. Weka zilizopondwa, zenye kingo, zile zinashikana. Chini yake chimba sentimita 10 uweke mawe makubwa kidogo na ushindilie.

Ngazi za nje zisiwe kama za ndani. Mguu wa bustanini haukimbilii ghorofa. Kuna kanuni ya zamani ya msanifu Mfaransa, François Blondel, karne ya 17: chukua kimo cha ngazi mara mbili, jumlisha na upana wa kukanyagia, upate kama sentimita 65. Basi kimo 15, kukanyaga 35. Mguu wa mzee unazitambua bila kuangalia chini.

Na yule mama aliyeshika tawi. Alikuwa hatafuti tawi, alikuwa anatafuta kiti.

---

JembeButu

Shikamoo mzee. Hapo kwenye kokoto umenikuta nimeshanunua za mviringo. Nitazihamishia chini ya tenki la maji zikazuie tope.

Benchi nimeweka chini ya msanapichi.

---

Kinyonga

Samahani wakuu, mimi nitakuwa tofauti. Bustani ya nyumbani ni ya mwenye nyumba. Hii ya kuibomoa ili iwafurahishe watu wanaokuja mara mbili kwa mwaka naona ni majivuno tu. Leo wanataka njia pana, kesho watataka choo. Na wengine wakishaingia wanachungulia mpaka chumbani.

---

JembeButu

Kinyonga una haki ya kusema, na la kuchungulia ni kweli, nimeweka pazia. Siku ya wageni mbwa anafungwa na mlango wa nyuma unafungwa kwa komeo, mambo yanaishia nje.

Ila kwenye majivuno nakukatalia. Majivuno ni pale nilipoipanga kwa ajili ya dirisha! Nilikuwa mimi na kioo. Hao watu wamenilazimisha niingie kwenye bustani yangu mwenyewe. Mwaka wa sita ndiyo kwanza najua kwamba saa kumi jioni jua linapiga macho ukitokea kushoto, kwa sababu nilikuwa sijawahi kutembea humo bila jembe mkononi.

Na si jambo geni hili. Uingereza mwaka 1927 watu binafsi 609 walifungua bustani zao, kiingilio shilingi moja, na zaidi ya pauni 8,000 zikapatikana kwa ajili ya wauguzi waliokuwa wanahudumia wagonjwa majumbani. Utaratibu ule upo hadi leo. 

---

Kinyonga

Sawa, nimekuelewa kidogo. Kidogo. Na ukiweka kidimbwi je? Mimi ninacho, ila jirani analalamika mbu.

---

Msumari wa Moto

Kinyonga, jirani yako ana haki. Kwenye joto yai la mbu linakuwa mbu kamili kwa wiki moja hadi mbili. Maji yakisimama tu wiki nzima, umeshafuga. Weka samaki wadogo, gapi wanatosha, watakula viluwiluwi. Halafu usiwalishe sana, wakishiba hawawindi. Na vyungu vilivyolala, makopo, vifuniko, vigeuze vyote chini. Mara nyingi kidimbwi kinasingiziwa na mwizi ni kopo nyuma ya banda.

Ila usijisikie mpweke. Yule mchoraji Claude Monet, alipotaka kuchimba kidimbwi chake cha mayungiyungi pale Giverny, Ufaransa, mwaka 1893, majirani walimpinga, wakihofia mimea yake ya kigeni ingetia sumu maji ya mto. Leo watu wanapanga foleni kukiona.

Sasa JembeButu, swali langu: nyasi umeziweka wapi? Sijaona nyasi kwenye maelezo yako. Bustani bila ukoka ni nini?

---

JembeButu

Nimeuondoa wote isipokuwa duara la mita tatu kwa ajili ya watoto kugaragara. Najua utanishambulia.

---

Msumari wa Moto

Na nakushambulia kweli. Ukoka unapumzisha macho. Ukijaza maua kila pembe mtu anachoka kama yuko sokoni. Mimi bustani yangu nusu ni nyasi na wageni wangu wanalala chini bila kuulizwa.

---

JembeButu

Hapo kwenye kuchoka macho nakubali, nilikosea mwanzo, nilikuwa na aina moja moja kila mahali kama duka la miche. Sasa napanda aina moja miche mitano hadi saba pamoja, kwa vipande virefu vinavyolala kufuata kijia na si maduara. Jicho linapata pa kutua.

Ila ukoka wangu ulikuwa unakula maji yote ya kiangazi na bado una kipara pale tunapokanyaga. Udongo umeshindiliwa hadi maji yanakimbia juu. Nilifanya kipimo cha shimo: chimba sentimita 30, jaza maji yaishe, jaza tena, kisha pima kwa rula yanavyoshuka. Upande wa mawaridi yalishuka sentimita 5 kwa saa, safi. Kwenye ukoka, saa nzima hata sentimita moja hayakufika. Pale nilifumua kwa jembe uma, nikachanganya mboji, juu nikaweka matandazo ya majani makavu kama sentimita 7. Matandazo msiyarundike kwenye shina, acheni nafasi ya kiganja, la sivyo gome linaoza.

Tukubaliane kutokubaliana, ukoka wako ubaki.

---

Nyuki Mchapakazi

Nimesoma wote, hakuna aliyegusa usalama wa watoto na hapa watoto watatu walikuwepo. Mkuu una manyara kwenye uzio?

---

JembeButu

Ninayo, upande mmoja. Kwa nini?

---

Nyuki Mchapakazi

Kata tawi uone ule utomvu mweupe. Ukiingia jichoni mtu anaweza kupofuka kwa siku kadhaa na maumivu yake si ya kusimulia. Mimi ulinirukia wakati napogoa bila miwani. Nilisafisha kwa maji mengi nikakimbizwa hospitali, jicho likapona, lakini wiki ile sitaisahau. Watoto wanavunja vijiti, ndiyo kazi yao. Kijia kisipite karibu na manyara.

Pia oleanda: ni sumu kuanzia mzizi hadi ua. Na yale maua ya tarumbeta yanayoning'inia, yananukia vizuri usiku, nayo ni sumu. Sikwambii ung'oe, lakini yasiwe kwenye urefu wa mkono wa mtoto. Na bogenvilia ya dada Rehani ina miiba, isining'inie njiani usawa wa uso.

---

JembeButu

Aisee. Manyara iko mita moja na nusu kutoka kwenye kijia kipya. Kesho nasogeza kijia, sio manyara, maana kuikata ndiyo hatari yenyewe. Katikati nitapanda kitu kinene cha kuzuia mikono. Asante sana.

---

Rehani

Mkuu, na wale wanaochuna miche? Kwangu wageni wakiondoka nakuta vichipukizi vimenyofolewa. Shangazi mmoja ana mkoba hauna mwisho.

---

JembeButu

Hahaha, mkoba hauna mwisho! Asubuhi ya pili yake nilikuta krotoni yangu moja imenyofolewa vichwa vitano, kwa kucha, gome limechanika mpaka chini. Sikukasirikia kuchukua, nilikasirikia kunyofoa.

Nikaja na hili: wiki sita kabla ya wageni naotesha vipandikizi. Nakata kipande cha sentimita 15 chini kidogo ya kifundo kwa mkasi uliofutwa spiriti, naondoa majani ya chini, nachomeka kwenye mchanga uliochanganywa na mboji, kivulini. Karibu theluthi zinakufa, sijali. Zilizobaki nitaziweka mezani pale pa kutokea, kila moja na karatasi yenye jina. Kwa meza hiyo nategemea hakuna tawi litakalonyofolewa tena. Shangazi wako mpe mbili akiwa anaingia, mkoba utakuwa umeshajaa.

---

Mzee Kivuli

Miezi imepita kijana, uzi umelala. Wageni wa pili walikuja?

---

JembeButu

Shikamoo mzee. Walikuja, tisa. Nilisita kuandika kwa sababu ya benchi.

Kijia kimefanya kazi, hakuna aliyekanyaga tuta hata mmoja. Mawaridi yalitazamwa, mama mmoja aliyanusa moja baada ya jingine kama anayahesabu. Yana vidukari kidogo, wakaviona pia, basi.

Lakini benchi langu chini ya msanapichi, kivuli kizuri, mandhari yote mbele, hakuna aliyelikalia. Wote walikwenda kwenye mboji. Wazee wakakaa kwenye ukingo wa mawe, mmoja kwenye ndoo niliyoipindua. Nondo ikazunguka mkono kwa mkono. Kijana mmoja akaniuliza uwiano, nikamweleza: makavu ndoo mbili hadi tatu kwa kila ndoo moja ya mabichi, unyevu kama kitambaa kilichokamuliwa, na kuligeuza kila joto linaposhuka. Likiwa sawa ndani hufika nyuzi 55 hadi 65 za Selsiasi. Akaandika kwenye kiganja.

Jumatatu nimehamisha benchi. Matete nimeyaondoa, sina tena cha kuficha. Na kwa kukumbuka ulivyosema yule mama alikuwa anatafuta kiti, benchi nimelipa kimo cha sentimita 45 na pa kuegemea mikono pande zote mbili, ili mtu ainuke bila kuomba msaada.

---

Kinyonga

Na dirishani sasa unaona nini?

---

JembeButu

Lundo, benchi, na migongo ya watu. Mke wangu ndiye anayelalamika sasa. Nimemwahidi kupanda rehani chini ya dirisha, angalau apate harufu. Dada Rehani, usijisikie umetajwa.